Chumba Kisichokuwemo Kwenye Ramani

Jina la Bi Lakiri hakupewa na wazazi wake, alilipata kazini. Kwa miaka kumi na tisa alisafiri nchi baada ya nchi akifunga lakiri kwenye makabati na milango ya vituo vya nyuklia, ili akirudi baada ya miezi sita ajue kama kuna mtu aliyefungua. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mvaaji wa raba. Lakini akishawasha tochi yake, utani ulikwisha.

Safari hii alitumwa kwenye kituo cha utafiti ambacho hakuna mkaguzi aliyewahi kukikanyaga. Kumfikisha pale kulichukua miaka mitatu ya mazungumzo. Nchi jirani ilikuwa imesema waziwazi kwamba kama wenzao wanatengeneza bomu kimyakimya, na wao watatengeneza la kwao, na bunge lao lingepiga kura Ijumaa. Aliyehangaika kuizuia balaa hiyo ni Balozi mmoja wa nchi yenye kituo, mrefu, mwembamba, ambaye kahawa za mikutanoni zilishamharibu tumbo. Sasa alimfuata Bi Lakiri kila anapokwenda, akishika tumbo kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Shida ilianza Jumatano asubuhi.

"Kaka," Bi Lakiri alimnong'oneza mwenzake, bwana mnene aliyebeba kipimo cha mionzi shingoni, "nje ya jengo hili nimehesabu hatua sitini. Ndani, hamsini na mbili."

"Labda ndani umetembea kwa madaha, dada."

"Sina madaha mimi. Kuna chumba hapa hakimo kwenye ramani."

Walipoingia chumba cha mitambo akaona kabati kubwa limesukumwa ukutani, na kando yake karatasi imebandikwa, nusu imefichwa na koti. Akalisogeza koti. Karatasi iliandikwa kwa kalamu nyekundu: *Yaliyorutubishwa: 212. Yasiyorutubishwa: 28, yatolewe. Kazi kukamilika Alhamisi. Wageni wasijue.*

Bi Lakiri aliisoma mara mbili. Kwa watu wa kazi yake, kurutubisha ni neno la kutisha. Madini ya urani yakirutubishwa kidogo huzalisha umeme. Yakirutubishwa sana, hutengeneza bomu.

Akamgeukia Mkurugenzi wa kituo, mzee nadhifu mwenye tai ya bluu. "Bwana Mkurugenzi, karatasi hii inahusu nini?"

Mkurugenzi akalirudisha koti mahali pake. "Hayo... ni mambo ya ndani."

"Ndani ya wapi? Ndani ya kile chumba kilicho nyuma ya kabati lile?"

"Ni stoo tu, mama. Ya mifagio."

"Basi nitafurahi kuiona hiyo mifagio."

"Ufunguo hayupo aliye nao." Alichanganyikiwa hata maneno yakampinda.

Bi Lakiri akatazama saa. Ilikuwa saa nne kamili. "Mkataba unasema nikiomba mlango, ufunguliwe ndani ya saa mbili. Nimeomba. Ikifika saa sita haujafunguliwa, napiga simu makao makuu. Na nikishapiga, mambo hayamo tena mikononi mwangu."

Balozi alimshika Mkurugenzi mkono, akamwingiza ofisini na kufunga mlango. Kuta zilikuwa nyembamba, kwa hiyo wakaguzi wawili waliokaa kwenye benchi nje walisikia yote.

"Unataka kuniua wewe?" Balozi alifoka. "Miaka mitatu! Binti yangu ameolewa mimi niko mkutanoni! Kuna nini mle?"

"Mheshimiwa, nikisema nimekwisha."

"Usiposema tumekwisha wote, na watoto wetu, na majirani na watoto wao!"

Kiti kikasogezwa. Kisha sauti ya Mkurugenzi, ya chini kabisa: "Mwezi uliopita niliwapa onyo walinzi wawili kwa kulima mchicha nyuma ya uzio. Niliwaambia mali ya serikali si ya miradi binafsi. Mheshimiwa, nitaziweka wapi nyuso hizi mbili?"

Bi Lakiri na mwenzake wakatazamana.

Saa sita kasoro dakika tano Mkurugenzi alitoka, macho mekundu. Akainama, akavua kiatu cha kushoto, akatoa ufunguo ndani ya soksi. Kabati likasogezwa. Mlango ukafunguliwa.

Joto liliwapiga usoni, na pamoja nalo kelele: *chwii, chwii, chwii*. Makabati matatu ya zamani ya maabara yalikuwa yamegeuzwa mashine za kuangulia, kila moja na taa yake na kipimajoto chake. Sakafuni, ndani ya maboksi, vifaranga vya manjano vilikuwa vikikanyagana. Kimoja kilitoka mbio, kikapanda juu ya raba ya Bi Lakiri na kutulia hapo.

"Yaliyorutubishwa mia mbili na kumi na mawili," alisema Bi Lakiri polepole.

"Mayai, mama," alijibu Mkurugenzi akitazama chini. "Yalikuwa yaanguliwe kesho. Mengine yamewahi. Ni wazo la shemeji yangu. Nyumbani mke wangu alishaniambia nichague, kuku au yeye, tangu kuku walipommalizia miche yake ya nyanya. Hapa kulikuwa na joto na nafasi..."

Bi Lakiri hakucheka. Kazi kwanza. Alipima kuta, akapiga picha, akafuta vumbi kila kona kwa vitambaa vyake maalumu na kuvifunga mifukoni ili vikapimwe, huku mwenzake akipitisha kipimo juu ya vifaranga kimoja kimoja. Kipimo hakikusema neno. Alipoandika namba ya mfuko wa mwisho ndipo alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Balozi naye akaanza. Alicheka huku ameegemea mlango, na baadaye aliapa kwamba tumbo lilimwacha palepale.

Kilichobaki ni ripoti. Jioni ile waliketi kuiandika, na hapo ndipo Balozi alipofanya diplomasia kwelikweli.

"Neno hilo kurutubisha, tafadhali, Bi Lakiri. Lisiwemo. Wabunge wa kule watasoma mstari mmoja tu."

"Siwezi kuficha nilichokikuta."

"Sikwambii ufiche. Tafuta neno jingine la yai."

Walibishana nusu saa. Mwishowe waliafikiana: *mayai yenye vifaranga ndani*. Ila ile karatasi ya kalamu nyekundu Bi Lakiri aliiambatisha kama ilivyo, na maelezo yake chini.

Alhamisi ripoti ilisomwa mbele ya wajumbe wa nchi zote mbili. Mjumbe mkuu wa upande wa pili, mama mmoja ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, aliinua mkono.

"Chumba hicho kilianza kupata joto lini?"

"Wiki tatu zilizopita," alijibu Bi Lakiri.

Yule mama akafunga faili lake taratibu. "Setilaiti yetu iliona paa hilo likipata joto. Ndiyo sababu ya kura ya kesho. Kwa hiyo mnaniambia tulikuwa tunataka kutengeneza bomu kwa ajili ya kuku?"

Hakuna aliyejua acheke au anyamaze, mpaka yeye mwenyewe alipoangua kicheko. Alipotulia alipiga simu palepale, na kura ikaahirishwa. Miezi minne baadaye mkataba wa kukaguana ulitiwa saini. Mkurugenzi alipewa barua ya onyo, akaenda mwenyewe kuwaomba radhi walinzi wake.

Bi Lakiri ndiye aliyetumwa kuanza ukaguzi upande wa pili. Mkurugenzi wa huko, kijana mwenye bidii, alikuwa amekula kiapo kwamba kwake hakutafichwa kitu. Alimpokea getini na fungu zima la funguo, akamfungulia mlango mmoja baada ya mwingine bila kuulizwa: maabara, stoo, jiko, hata kabati la viatu. Alipofungua wa kumi na moja, mhasibu wa kituo alikuwa ndani anabadilisha shati.

"Huyu naye yumo kwenye ramani?" aliuliza Bi Lakiri.

"Yumo, mama!" alijibu kijana kwa fahari. "Yumo kabisa!"