Msuko wa Kufunika Sikio

Kwanza tuelewane: Inspekta Kipara hakuwa na kipara. Nywele alikuwa nazo, tena za kumgawia mwenye shida, ila kila zilipochomoza alizinyoa mpaka chini na kushindilia kofia ya kazi hadi masikioni. Kituoni walimpa jina hilo siku ya kwanza, naye akalipokea bila ubishi, maana alijua jina la utani ni kama kiatu cha kuazima: ukilalamika kwamba kinabana, utaletewa kinachobana zaidi.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Mfukoni mwake mlikuwa na pampu ya pumu, ile ndogo ya kuvutia dawa, na kila alipopiga hatua iligonga kifungo cha koti. Ilikuwa ya msichana wa miaka saba ambaye mtaani walimwita Kasuku, kwa kuwa alizungumza tangu anapofumbua macho hadi usingizi umzibe mdomo. Asubuhi alitumwa dukani. Hakurudi.

Mama yake, fundi cherehani, hakulia. Alimshika Kipara kiganja akaibana ile pampu ndani yake.

"Hamalizi siku bila hii," alisema. "Dada yangu, usiniletee maneno. Niletee mtoto."

Kasuku alikuwa wa tatu. Kabla yake walipotea wasichana wawili wa umri huohuo, na wote wawili walikutwa kesho yake wakiwa wazima, wamekaa kwenye benchi lilelile katika kituo cha zamani cha mabasi, nywele zimesukwa upya. Wakubwa walicheka kidogo. Mwizi gani huyu, anarudisha mali ikiwa nadhifu kuliko alivyoichukua? Kesi ikapewa mtu mvivu, na mvivu akaitendea haki kwa kuilalia, mpaka Kasuku alipopotea ikaja kwa Kipara.

Lakini jana buldoza liliingia katika kile kituo cha zamani, likang'oa paa na mabenchi yote. Kipara hakuacha kulifikiria hilo. Mtu aliyezoea kurudisha watoto kwenye benchi, benchi likiisha atawarudisha wapi?

Alikwenda na Sajenti kwa yule msichana wa pili. Sajenti alikuwa mtu mnene mwenye miguu midogo, na miguu hiyo ilikuwa na malengelenge, kwa sababu watoto wote wawili walisema chumba walichowekwa kilinuka viatu vipya. Alikuwa amepekua maduka ya viatu mji mzima.

"Bibi yule hana ubaya," msichana alieleza. Alikuwa kwenye mkeka, amewapa mgongo, anamlisha mwanasesere. "Ila anabana. Kichwa kinauma mpaka kwenye nyusi."

"Mlipita njia gani?" Sajenti aliuliza.

"Si nimeshasema? Alinifunika kanga, eti jua kali. Tukapanda ngazi."

"Na alikwambia nini wakati anakusuka?" Kipara aliuliza.

"Nitulie. Eti nywele zikifunika sikio hakuna atakayenicheka."

"Sikio lako lina nini?"

"Halina kitu. Nilimwambia. Hasikii." Msichana alimfuta mwanasesere mdomo. "Halafu akaniweka kwenye benchi. Akasema, kaa hapa, usiondoke, mama anakuletea maji. Nikakaa. Hakuleta."

Kisha akageuka, na Kipara akauona ule msuko kwa mara ya kwanza. Msichana wa kwanza alikuwa amefumuliwa siku ileile, mama yake akimsugua kichwa kama anayefukuza pepo. Huyu aligoma, eti amependeza. Mistari ilianzia kisogoni, mahali ambapo wasusi wengine humalizia. Ilipanda hadi utosini, ikapinda yote kwenda kushoto, ikashuka juu ya sikio kama pazia, ncha zikafungwa kwa uzi mweusi. Upande wa kulia haukuwa na kitu. Kazi yote ile, kuficha sikio lisilo na kasoro.

Kipara alitoka nje bila kuaga. Sajenti alimkuta garini ameshika usukani na gari halijawashwa.

"Umeona nini, mama?"

Kipara alivua kofia. Katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja, Sajenti hakuwahi kuliona lile sikio la kushoto: limejikunja kama jani lililopitiwa na moto, na kovu limetambaa hadi shingoni.

"Uji ulinimwagikia nikiwa natambaa," alisema. "Watoto walinicheka, basi mama akabuni msuko huo. Hakuna msusi mwingine aliyewahi kuuweza. Mama alipoondoka, shangazi alijaribu, akashindwa, akaninyoa. Ndiyo nimenyolewa hadi leo."

"Aliondoka kwenda wapi?"

"Aliniweka kwenye benchi pale kituo cha mabasi. Akasema kaa hapa, usiondoke, mama anakuletea maji."

Sajenti aliingia garini, akafunga mlango. Mtu aliyekuwa na mzaha kwa kila maiti, kwa hili hakuupata.

"Washa gari," alisema. "Mtoto wa watu anabanwa kifua."

Shangazi yake Kipara alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye sinia. Ndiye aliyemlea, akamsomesha, akauza kitanda chake mwenyewe ili anunue sare ya shule. Kwa kila homa alikesha yeye.

"Kaa ule kwanza. Umekonda kama mwiko."

"Shangazi, mama yangu yuko wapi?"

"Leo umeamkaje? Si alipanda basi akaenda zake. Mwenye kutupa mtoto haulizwi."

"Kuna mtu anaiba watoto na kuwasuka msuko wangu. Watatu sasa." Kipara aliiweka ile pampu juu ya mchele. "Huyu wa tatu ana pumu. Hii ndiyo dawa yake. Ipo hapa, yeye hayupo."

Vidole vya shangazi vilisimama. Alikitazama kile kidubwana cha plastiki muda mrefu, kama mtu anayetazama nyoka aliyemfuga mwenyewe.

"Hakukutupa," alisema. "Alikwenda kuleta maji kweli."

Kipara alivuta kiti, akaketi.

"Kaka yangu alikuwa ameshakufa. Mama yako alikuwa anakupeleka kwao, mbali, nisikuone tena. Mimi sikujaliwa mtoto. Niliwafuata hadi kituoni kuwaaga, nikakukuta peke yako, nikakushika mkono. Hukulia hata. Ulinizoea." Alisukuma punje moja kwa kucha. "Wewe nikakwambia amekuacha. Yeye nikamwambia na mimi natafuta. Alilala kwenye lile benchi mpaka akili ikamruka."

"Yuko wapi?"

"Mwanangu..."

"Shangazi, nitakupigia magoti. Yuko wapi?"

"Palepale kituoni. Chumba cha juu ya duka la magodoro. Hakuhama, eti mtoto akirudi asimkose. Kila mwezi nampelekea unga, na hafungulii mtu mwingine, kwa sababu mpaka leo anaamini namsaidia kutafuta."

Magodoro. Kipara aliliona duka lile kichwani. Godoro analolalia alilinunua pale; alikaa kizingitini akibishana bei, na sponji jipya likanuka kama viatu vitokavyo kwenye boksi. Alibishana kwa furaha, na dari ya duka ilikuwa sakafu ya mama yake.

Aliiokota pampu juu ya mchele, akaitia mfukoni. Shangazi alinyanyuka kwa kushika ukuta, akamletea mfuko wa unga.

"Utanichukia kesho, una haki," alisema. "Leo wahi."

Kituo cha zamani kilikuwa kimebaki vifusi, na mabenchi yalirundikwa pembeni miguu juu. Walipanda ngazi za nyuma ya duka. Kabla hawajafika juu walisikia ile sauti: filimbi nyembamba, ikivutwa, ikikatika, ikivutwa tena. Sajenti aliweka bega mlangoni. Kipara akamvuta mkanda, akamtia pampu kiganjani.

"Dirisha liko wazi," alinong'ona. "Akishtuka, anaruka naye." Akabisha taratibu.

"Nani?"

"Nimetumwa na wifi yako. Nimeleta unga."

Komeo likasogea, na nyayo zikakimbia kurudi ndani.

Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na ndoo ya maji yenye kifuniko. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia gauni la mtoto lenye mifuko miwili mbele, limefuliwa mpaka rangi ikahama. Kipara aliikumbuka ile mifuko. Chini ya dirisha, kwenye kigoda, alikaa mama mwembamba mwenye mvi, na katikati ya magoti yake alikuwa Kasuku, nusu ya kichwa imesukwa, midomo imepauka, mabega yakipanda na kushuka. Hakusema kitu. Kwa mtoto aitwaye Kasuku, hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko zote.

"Mwache apumue, mama," Kipara alisema.

"Nimalize. Hatoki na nusu kichwa, watamcheka." Vidole havikusimama, na vilikuwa vimeshika nywele karibu na ngozi, kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo iliyo kisimani.

"Ukimaliza utampeleka wapi?"

Mama aligeukia dirisha. "Benchi si wameng'oa. Nitamweka wapi? Nikimweka pengine hataniona, nitampoteza tena." Akamvuta mtoto karibu zaidi, na ile filimbi ikakatika muda mrefu kidogo.

"Wale wengine mbona hukurudi kuwachukua?"

"Nachota maji vizuri tu. Kurudi ndiyo miguu inakataa." Sauti yake ilishuka. "Nikirudi nikute benchi tupu, je?"

Sajenti alimtazama Kipara, na macho yake yalisema mtoto anakwisha. Kipara alivua kofia, akapiga magoti, akatambaa hadi mbele ya kigoda na kuketi sakafuni.

"Basi nisuke mimi kwanza," alisema. "Huyo atafuata."

Mama alikikodolea kile kichwa kilichonyolewa. Akacheka, kicheko cha mtu mwenye akili zake zote.

"Wewe? Na upara huo nikusuke nini, mawazo?"

Lakini kwa kucheka mikono ililegea. Sajenti, na unene wake wote, alipita kama paka, akamnyakua mtoto na kumtia pampu mdomoni. Moja. Akasubiri. Mbili. Kipara hakugeuka. Alikaa akisikiliza nyuma yake, akihesabu maisha yake katika filimbi ya mtoto wa mtu mwingine, mpaka ikaanza kulainika.

Hapo ndipo vidole vya mama vilipomshukia kichwani. Vilitafuta nywele, havikuzipata, vikateremka kushoto. Vikafika sikioni. Vikasimama.

"Sikio hili," alisema.

Kipara hakuweza kupumua. Sasa ilikuwa zamu yake kuhitaji pampu.

"Mwanangu analo kama hili." Alilikunja na kulikunjua kwa kidole gumba, polepole. "Ila lake dogo. Yeye ni mdogo. Ukimwona, mwambie maji nilipata. Kulikuwa na foleni tu."

"Nitamwambia."

"Mwambie asilie."

"Hakulia, mama."

Nyuma yao sauti ya kukwaruza ikasema, "Mbona nusu ya kichwa bado?" Sajenti alimkumbatia Kasuku, akajifuta macho kwa kofia yake, na baadaye aliapa kwamba lilikuwa vumbi la magodoro. Kisha akatoa pingu, kwa sababu kazi ni kazi, akazishika kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Mama alisimama. "Kaa hapa," alimwambia Kipara, akiielekea ndoo. "Usiondoke. Nakuletea maji."

"Hapana." Kipara alimdaka mkono. "Leo twende wote."

Sajenti alizirudisha pingu kiunoni, akatangulia na mtoto. Hivyo ndivyo mtuhumiwa alivyokamatwa: kwa kushikwa mkono kwenye ngazi. Chini, fundi cherehani, aliyekuwa amepelekewa habari, alikuwa akija mbio kupita vifusi, kiatu kimoja kimemtoka.

Katikati ya ngazi mama alisita.

"Na wewe mama yako yuko wapi?"

Kipara alitazama mahali lilipokuwa benchi.

"Alikwenda kuleta maji."

"Atarudi," mama akamfariji, akaukaza mkono. "Wewe tu usiondoke alipokuacha."