Mashahidi wa Sista Mbio

Saa nane na dakika kumi mchana, karani wa usajili wa wauguzi alilamba kidole, akafungua faili na kuanza kuhesabu karatasi kwa sauti. Cheti cha chuo kipo. Matokeo ya mtihani wa baraza yapo. Alama za mafunzo ya kila mwaka zimetimia. Barua ya tabia njema ipo, ingawa mhuri umepauka.

"Karatasi ya saa za kazi haina sahihi," alisema.

"Metroni amekataa," alijibu muuguzi. Wodi nzima ilimwita Sista Mbio, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitembea.

Metroni hakuwa na chuki naye. Zamu ya wodi ile kisheria ilitaka wauguzi watatu, na Sista Mbio alikuwa ameishika peke yake kwa miaka miwili. Kutia sahihi kungekuwa kukiri. "Mwanangu, usinivishe kitanzi," alimwambia asubuhi, akafunga mlango.

Leseni ilikuwa inaisha saa kumi. Baada ya hapo, kumchoma mgonjwa sindano lingekuwa kosa la jinai, na zamu ya jioni haikuwa na mtu mwingine.

"Basi lete mashahidi, dada," karani alisema. "Watu uliowahudumia. Awe hai, awe marehemu, kanuni haibagui."

Aliwapigia walio hai. Wengine hawakupokea, wengine walikuwa wamemsahau. Mtu akipona hapendi kukumbuka aliyemwogesha. Waliokuja ni marehemu. Waliingia saa tisa kasoro robo, sita kwa jumla, mashuka ya wodi mabegani, wakafuata foleni. Mzee aliyekuja kuulizia cheti cha binti yake alisogea kuwapisha kwenye benchi.

Karani aliwasikiliza mmoja mmoja. Bibi mmoja, aliyeondolewa na figo, alitaja zamu kumi na tisa kwa tarehe zake, pamoja na ile ambayo Sista alisinzia amesimama. Karani aliandika, akajumlisha. Mshale wa saa ya ukutani ulisogea.

Kisha akasimama wa sita, fundi viatu wa kitanda cha kumi na moja. Huyu alikata roho akimwita Sista.

"Nilimwita mara tatu," fundi alisema. "Alikuwa amemkandamiza jeraha mtu wa kitanda cha tatu, damu haikatiki. Alipofika kwangu nilikuwa nimeshakwenda."

Karani aliinua kalamu. "Una malalamiko? Ukiwa nayo, leseni inasimamishwa mpaka baraza likae."

"Ninayo."

Karani alishusha kalamu kwenye fomu.

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya waliomwacha peke yake."

Karani aliigeuza fomu, akaisoma mbele na nyuma. "Hapa pana nafasi ya jina la muuguzi tu. Ni yeye, au hakuna."

Fundi alimgeukia Sista Mbio.

"Sema ukweli wako, kaka," Sista alisema. "Ni haki yako. Mimi siku ile nilikuomba msamaha."

"Nilikusikia." Fundi akamgeukia karani, akamwambia, "Andika hakuna."

Mhuri ulipigwa saa kumi kasoro dakika mbili.

Marehemu walimsindikiza mpaka hospitali. Metroni aliwakuta kwenye korido, akawahesabu kwa kidole na kuwauliza kama wana shughuli jioni ile. Hawakuwa nayo. Akawaandika kwenye ratiba ya zamu. Marehemu, alisema, hadaiwi leseni. Ripoti iliyopelekwa juu ilieleza kwamba wodi ina wahudumu saba, na upungufu umekwisha.

Mikono yao haikushika kitu. Dripu ilipita katikati ya vidole vyao, na shuka vilevile. Walichoweza ni kuita. Basi wakagawana vitanda arubaini na kimoja, kila mmoja akasimama penye mgonjwa aliyezidiwa, na kabla ya saa kumi na mbili watano walikuwa wakiita kwa wakati mmoja.

Sista Mbio, glavu mkononi, alitazama kushoto, akatazama kulia, akachagua kitanda kimoja.