Mama Yassir na Mabati ya Mkubwa

Daktari alimwambia Kaltum atembee, na Kaltum akamchukia papo hapo.

"Nitembee niende wapi?"

"Popote, mama. Presha imepanda. Tembea tu."

Kwa Kaltum, mtu mwenye akili zake hutembea kwa sababu anakwenda mahali. Yeye na marehemu mumewe walitoka Malindi wakafungua duka la magodoro pale Suna, mjini Migori, na tangu afiwe, safari yake ndefu ya siku ilikuwa kutoka kwenye kiti hadi mlango wa nyuma.

Aliyemponza ni Nyangi, Mkuria wa Kehancha aliyeuza sabuni na chumvi duka la pili. Nyangi alikuja na habari kwamba Jumamosi kuna matembezi ya watu wote kuzunguka sehemu za kijani za mji, yakiongozwa na Mwalimu Zablon, aliyestaafu kufundisha bila kustaafu kupiga kelele.

"Kijani gani?" Kaltum aliuliza. "Migori hii hii?"

"Mimi sijui, Mama Yassir. Wamesema kuna soda."

Jumamosi wakajitokeza akina mama wa kanisa na kofia zao, vijana waliofuata soda, na Kaltum katika buibui na raba za mwanawe Yassir. Mwalimu alishika kipaza sauti cha betri kilichomfanya asikike kama mtu anayezama ndani ya pipa.

Kijani cha kwanza kilikuwa nyasi za kando ya barabara, ambazo ng'ombe wa mtu alikuwa anazimaliza. "Vuteni hewa safi!" Mwalimu akaamuru. Wakavuta. Ilinuka ng'ombe. Kijani cha pili kilikuwa makaburini.

"Hawa nao walishauriwa watembee," Kaltum akamnong'oneza Nyangi, na Nyangi akacheka mpaka mama mmoja wa kanisa akamgeukia kwa jicho kali.

Hapo ndipo Kaltum alipoanza kuhisi vibaya. Asubuhi alikuwa amekunywa birika zima la chai ili apate nguvu, na juu yake vidonge vya presha, ambavyo kazi yao kubwa ni kumkimbiza mtu chooni.

"Mwalimu, choo kiko wapi huku?"

"Bustani ya mtoni, mama! Tunapumzika huko. Kuna miti, kuna choo, kila kitu kiko!"

Walipofika mtoni, hawakuona bustani. Waliona mabati mapya, marefu kuliko mtu, na lango lenye mnyororo. Mbele yake alisimama askari wa kulinda, kijana aitwaye Gisiri, na rungu lake. Miaka hiyo ya tisini, kiwanja kililala cha umma kikaamka cha mtu.

"Hii ni plot ya mkubwa," Gisiri alisema. "Watu hawaruhusiwi."

"Mkubwa gani?"

"Mkubwa tu."

Mwalimu akainua kipaza sauti, akahutubia mabati juu ya haki za wananchi mpaka betri zikaisha. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ndogo ajabu, kwamba basi warudi, watalizungumza siku nyingine. Watu wakaanza kugeuka. Kaltum hakuweza kugeuka. Hata kucheka hakuthubutu.

Akamsogelea Gisiri. "Mwanangu, nifungulie."

"Mama, nitapoteza kazi."

"Na mimi nitapoteza heshima, hapa hapa, mbele ya watu wa kanisa."

Gisiri akamtazama usoni, akaelewa, akageuka kuangalia ng'ambo ya mto kana kwamba ameitwa huko.

Kaltum akafuata ua akitafuta upenyo. Alipopata bati lililolegea, akaligeuzia mgongo na kulisukuma kwa uzito wote ambao daktari alikuwa ameulalamikia. Nguzo zilikuwa zimechomekwa kwa haraka, kama kazi yoyote ya wizi. Bati likaanguka, likavuta la pili, la pili likavuta upande mzima, kwa kishindo kilichowarusha ndege wote mtini.

Kisha vijana wakalipuka: "Mama Yassir! Mama Yassir!" Umati ukamiminika ndani.

Kiongozi wao mpya, Kaltum, alikuwa amekwisha kuchuchumaa nyuma ya mti, maana choo nacho kilikuwa kimebomolewa. "Msije huku!" alipiga kelele. Nyangi akatandaza leso kama pazia. Akina mama wa kanisa, ambao si wajinga, wakamzunguka wakimpa migongo na kuimba wimbo wenye beti nyingi.

Soda zikanywewa pale pale. Gisiri alikunywa mbili. Jioni mabati hayakuonekana tena, na majiko kadhaa ya Suna yakawa na paa jipya.

Jumatatu Kaltum aliitwa polisi.

"Nani alikutuma uvunje ua?" ofisa alimuuliza. "Ni wale wa upinzani?"

Nyangi, aliyemsindikiza, akamkanyaga mguu. "Mwambie tu ulibanwa," akanong'ona. "Utaachiliwa sasa hivi."

Kaltum akamtazama ofisa, mwanamume wa rika la mwanawe, na masharubu yake. Atoke Malindi, alelewe na mama yake vile alivyolelewa, aje kutamka neno hilo mbele ya huyu? Afadhali jela.

"Sina la kusema," alijibu.

Ofisa akaandika kwamba ni mkaidi. Nje, matembezi yote yalikuwa yamekusanyika na kuimba, na Mwalimu amenunua betri mpya. Kabla ya adhuhuri wakamwachilia, na mji mzima ukajua kwamba Mama Yassir hakuyumba.

Ua ulijengwa tena ukaangushwa tena, safari hii Kaltum akiwa dukani kwake. Mwishowe mkubwa akapenda kiwanja kingine. Jumamosi moja Kaltum na Nyangi wakarudi mtoni, wakaketi kwenye mzizi. Miaka yote ile mjini, Kaltum hakuwahi kuutazama mto wenyewe: maji ya kahawia, yenye haraka, na bwana mmoja ndani yake akisugua baiskeli.

"Si mto wa kusifiwa," alisema.

"Basi twende?"

"Ngoja kwanza. Una haraka gani?"