Daftari la Bi Futi na Programu Tatu

Haya ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Naapa kwa meno yangu matano yaliyobaki, na yale ya bandia nayaongeza yawe mashahidi.

Bi Futi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa sababu futi ya kupimia haikuwahi kutoka shingoni mwake. Wapo wanaosema alizaliwa nayo, mkunga akadhani ni kitovu. Wateja wake wote, mia mbili na kumi na mmoja, walikaa kwenye daftari moja. Majina yao halisi hakuwa na habari nayo. Aliandika miili: Kiuno Kimepanda, Shingo Haipo, Mikono Mirefu wa Benki. Humo mlikuwa na siri ambazo hata wenza wao hawakuzijua.

Wazo la programu ya kutunza kumbukumbu za wateja lilikuwa la binti yake wa kwanza. Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alikuwa ametoa sharti: sare mia nne angewapa wao iwapo tu duka lingeonyesha utaratibu wa kueleweka. La sivyo, zingekwenda kiwandani, na mafundi wawili wa Bi Futi wangerudi nyumbani kutazama dari.

"Nipe wiki mbili, Mama. Nitajaribu programu tatu, tuchague moja."

"Jaribu. Ila ukinipotezea mteja, utamshona mwenyewe."

Programu ya kwanza ilikuwa na maswali mengi kuliko mama mkwe. Binti akaifunga siku hiyo hiyo. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, sura kama ukuta usiopakwa rangi, na ilidai kila ujumbe usomwe na mwenye duka kabla haujatoka. Akaiona inamchosha bure. Ya pili ndiyo iliyomteka: ya kijani, inang'aa, inasalimia wateja wote kwa mpigo mmoja. Kwa siku tatu akanakili daftari humo. Programu ikataka jina, naye akaipa alichokuwa nacho. Majina ya kweli angeyatafuta baadaye. Ujumbe wa salamu akauandaa, akauacha ukisubiri.

Asubuhi ambayo Mwalimu Mkuu alikuwa aje saa nne kutia sahihi, programu ikajituma yenyewe. Yenyewe! Hakuna mkono wa binadamu uliohusika.

Binti alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi. Akasikia simu ya duka inalia ujumbe juu ya ujumbe, kama bisi kwenye sufuria. Akakimbia mbele kwa kasi ambayo kivuli chake kilimfikia baadaye. Skrini ya kompyuta ilisema: Zimetumwa 41. Kisha 42. Kisha 43.

Akabonyeza Simamisha. Kijiduara kikaanza kuzunguka polepole, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. 55. 56.

"Una uhakika?" programu ikauliza.

"Ninao, we mwehu!"

Ilisimama 63. Orodha ilikwenda kwa alfabeti. Binti akashusha kidole. Bega Chini: Umetumwa. Umesomwa.

"Mama, Bega Chini ni nani?"

Bi Futi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Mwalimu Mkuu. Kwani vipi?"

"Ameandikiwa, 'Habari Bega Chini! Tumekukumbuka.'"

Bi Futi akakaa juu ya kitambaa cha mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Na yeye ametukumbuka," akasema, akitazama mlangoni.

Mwalimu Mkuu aliingia ameishika simu kama karatasi ya mtoto aliyefeli. Mafundi wawili wakainamia cherehani. Mmoja akashona hewa.

"Shikamoo, Mwalimu," binti akasema. Mwalimu akamgeuzia skrini ya simu.

"Bega Chini ndiye mimi?"

Akaiweka simu mezani.

"Nionyesheni jina hilo lilikotoka."

Binti alikuwa tayari kuapa kwamba daftari limeliwa na panya, lakini mama yake akalitoa. Mwalimu akasoma kwa sauti: "'Bega la kushoto chini vidole viwili. Asiambiwe. Weka pamba.'" Akafunua. "Pamba. Pamba. Miaka tisa!"

"Na nusu," Bi Futi akasema. Binti akatamani kumziba mdomo.

Mwalimu akasimama mbele ya kioo, akavua koti. Bega likateremka. Akavaa koti tena. Bega likapanda.

"Na mimi kila asubuhi nawaambia watoto, simameni wima, nitazameni mimi!"

"Uliniletea koti nishone, Mwalimu. Bega hukuniuliza."

Mwalimu akatoa sauti ambayo binti hakujua ni kilio au kicheko. Kilikuwa kicheko, ila kifupi. Akamgeukia binti.

"Vipimo vya watoto wangu mia nne vitaingia humo? Na baba mtu aandikiwe mwanawe ni Tumbo Mbele?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nionyeshe. Usiniambie."

Binti akaifungua ile ya kijivu. Akaonyesha sehemu ya maelezo yenye kufuli, ambayo ni fundi tu anayeifungua. Kisha akaandika ujumbe kwenda kwa Mwalimu, akabonyeza Tuma. Skrini ikasema: Unasubiri mwenye duka asome.

Wakaikazia macho simu ya Mwalimu, sasa iko mezani. Haikulia. Dakika nzima ikapita. Fundi mmoja akasahau kupumua. Haikulia.

"Chukueni hiyo," Mwalimu akasema, akafungua kalamu. Akatia sahihi kurasa zote tatu za mkataba. Mlangoni akageuka. "Bi Futi, pamba iendelee."

Ningeishia hapo, lakini binti amezisoma karatasi hizi.

"Mjomba, eti programu ilijituma?"

"Kabisa."

"Programu zote huandika nani kaingia na kabonyeza nini." Akanigeuzia skrini. "Saa tatu na dakika arobaini na mbili, Tuma kwa Wote, kompyuta ya mbele. Mimi napiga pasi, Mama ana pini mdomoni. Nani alikuwa amekaa pale akisubiri suruali yake ipunguzwe?"

Nilitaka tu kujua kile kitufe kinafanya nini.

Bi Futi, dada yangu, hakugomba. Alinisukumia sindano na boksi la vifungo: mashati mia nne, vifungo saba kila moja. Niko shati la kumi na tisa.