Vifaa Vyenye Adabu

Programu yetu ya kubashiri mafuriko ya Mtowisa ilikuwa na udhaifu mmoja: vifaa viwili vya kupimia mito vikituma ujumbe kwa pamoja, inapokea mmoja, mwingine unapotea. Yusto, mkuu wangu hapa Sumbawanga, akasema tuitupe. Nilimkatalia kwa ukali. Kwetu Ufipa mtu hasemi shida yake kabla salamu haijaitikiwa, basi nikavifundisha vifaa adabu hiyo. Kila kimoja kinabisha hodi, kinasubiri kuitikiwa na programu, ndipo kinaposema.

Mvua kubwa zilipokuja, hakuna ujumbe uliopotea. Tuliwapigia simu wafugaji wa Mtowisa, wakahamisha ng'ombe kabla maji hayajafika.

"Mbinu hiyo umeisomea wapi?" Yusto akaniuliza.

"Milepa," nikamjibu. "Kwa mama yangu, kwa fimbo."