Upande Uliofunikwa na Kofia

Vumbi la Gatuanyaga halipigi hodi. Linakaa juu ya vikombe, juu ya Biblia, juu ya kope za wageni. Na leo limekaa juu ya vishikwambi viwili vilivyolala mezani, vile vya skrini ya wino, vya kusomea vitabu, visivyong'aa, vya kijivu kama lenyewe.

Kesho wanamzika mama yake Mbula, na picha ya kubeba mbele ya jeneza hakuna. Mama alikwepa kamera maisha yake yote. Ipo moja tu, ya siku ya kufungua kanisa: yuko safu ya nyuma, nusu ya uso imemezwa na kofia ya rafiki yake Beth. Na duka la kuchapa kule Thika linafunga saa kumi na moja.

Nyumba imejaa. Chai inazunguka, udaku unazunguka, nani amekuja, nani hajakuja na ni kwa nini. Mbula amekaa katikati yao na hasikii kitu. Hasikii uchungu, hasikii baridi. Ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa.

Vishikwambi ni vya Dalmas, jirani yake Mbula kule mtaani Kamakis, mchoraji wa ramani za nyumba. Cha kwanza ni cha kutazama: akitanua vidole juu ya picha, mama anakuja, anakuja, anakaribia. Akizidi kukaribia anakatikakatika, chembe nyeusi, chembe nyeupe, mpaka hapo hakuna mtu. Ni vumbi.

Cha pili kina kalamu. Picha ukiiweka humo inafifia kama chai iliyoongezwa maji mara tatu, lakini kalamu ikigusa, mstari unakaa. Dalmas ananakili nusu iliyopo. "Na upande huu?"

Wee! Nyumba inawaka.

"Shavu lilijaa, bwana. Usimkondeshe!"

"Lilijaa wapi, Beth? Hilo ni lako. Ulimfunika na kofia, sasa unataka kumvalisha uso wako?"

Hata Beth anacheka, machozi yakimtoka.

Dalmas anachora, anafuta, anachora. Kila mstari unaofutwa unaacha kivuli chake, na kutoka kwa vivuli hivyo mtu anaanza kukusanyika.

"Mbula, sema wewe. Ni yeye?"

Mbula anatazama. Mwanamke mzuri. Hamjui. Hasikii kitu.

Anachukua kalamu, yeye ambaye hajawahi kuchora hata kuku. Mkono unaenda wenyewe hadi juu ya nyusi ile iliyofunikwa, unaweka mkunjo mmoja, mdogo, uliopinda.

"Alikuwa anakunja hapa," anasema, "akiniuliza kama nimekula."

Beth anaweka kikombe chini. "Ni yeye."

Hakuna anayebisha, na hiyo ni nyumba ya kubishana.

Upepo unaleta vumbi tena, linatua juu ya paji jipya. Dalmas ananyoosha mkono kulipangusa, Mbula anamzuia. Analowesha ncha ya leso kwa mate, vile alivyofanyiwa na mama asubuhi za shule, anapangusa paji, anapangusa shavu, polepole, mdomo pia.

Kioo ni baridi. Hilo, analisikia.