Zamu ya Viti

Katika duka la Faraja Samani, pale Makambako, kulikuwa na viti vya kila aina, na hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kukalia hata kimoja. Viti vya plastiki vilibebana hadi karibu na dari, vyekundu, vya bluu, vya kijani. Kulikuwa na makochi yaliyovikwa nailoni, stuli za jikoni, magodoro ya kila unene. Na katikati ya neema yote hiyo Zipora alisimama tangu asubuhi duka linapofunguliwa hadi jioni linapofungwa, miguu ikimwaka moto.

Amri ilikuwa ya mwenye duka, Mzee Anderson, ambaye mwenyewe alikuwa Njombe kwenye duka kubwa. Alisema mteja akimkuta muuzaji amekaa anajua biashara imelala. Kwa kuwa hakuweza kuja Makambako kila siku kuhakikisha, alifunga kamera juu ya kaunta, picha zikawa zinamfikia kwenye simu yake huko huko. Ukikunja goti tu, simu ya duka inalia. "Nani huyo anayepumzika?" Salamu hakuna. Mtu anakula chakula chake cha mchana huku anakuchungulia wewe unavyopiga miayo, na Jumapili ndiye mlezi wa vijana kanisani.

Mwanya ulikuwa mmoja tu. Mteja akija kununua kiti, lazima umwonyeshe kwamba kinabeba mtu. Hapo unakaa, unajitikisa, unaegemea, unamwambia, "Ona mama, hakina hata mlio," na mzee kule Njombe hana la kusema kwa sababu hiyo ni biashara. Wafanyakazi wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe wawe na zamu. Akiingia mteja wa ndoo au chupa ya chai, anahudumiwa na aliye karibu. Akiingia mteja wa viti, ni wa mwenye zamu, na asithubutu mtu kumnyang'anya. Siku moja alikuja mzee wa kanisa kutoka Lupembe kutafuta viti vya ukumbi, zamu ikiwa ya Zipora. Zipora alimjaribishia kimoja kimoja, rangi kwa rangi, mpaka yule mzee akasema, "Inatosha mama, nimeamini." Zipora akamwambia subiri kwanza tujaribu na hiki cha kijani.

Walikuwa watatu: yeye, Dafroza wa kaunta, na Amon wa kupakia na kushusha mizigo. Zamani walikuwa wanne. Mwenzao Dorosela alivimba miguu, akaomba stuli kwa heshima zote. Mzee akamjibu kwamba duka si hospitali, na mwezi ulipoisha akamwambia akapumzike nyumbani moja kwa moja. Hakuna aliyeletwa mahali pake. Kupiga deki, kupanga stoo, kufuta vumbi, vyote alirithishwa Zipora juu ya kazi yake ya kuuza. Mshahara wa Dorosela haukurithiwa na mtu. Ndiyo maana mguu wa kushoto wa Zipora ulipoanza kuvimba nao, alinunua bandeji, akaufunga, akavaa soksi ndefu juu yake na kukaa kimya. Alikuwa na binti yake Aneth aliyesoma shule ya bweni, na wa kumlipia alikuwa yeye peke yake. Hata Dafroza hakumwambia.

Sasa siku moja akaja Basil na Kenta, lori dogo la duka, kuleta magodoro. Basil alianzia kazi hapo hapo Makambako, na Zipora ndiye aliyemfundisha, maana alipofika hata kufunga godoro kwa kamba hakujua. Baadaye akahamishiwa Njombe. Alishusha magodoro, akajifuta jasho, akauliza kwa nia njema kabisa:

"Hivi na ninyi posho ya baridi imeshaingia?"

Dafroza aliinua kichwa. "Posho ya nini?"

"Ya baridi. Elfu hamsini kila mwezi, juu ya mshahara. Mzee anasema baridi ya Njombe ni kali sana kwa mtu anayesimama."

Wote watatu walimwangalia. Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga mlangoni wakati huo, ule upepo usio na adabu unaopita kwenye sweta kama vile hukuvaa kitu, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu mzee alikataza usifungwe, wateja wasije wakadhani hakuna watu. Basil aligundua amekosea. Akaanza kuhesabu magodoro yaliyokwisha kuhesabiwa.

Dafroza hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alimpigia mzee papo hapo, akaweka sauti ya juu wote wasikie. Mzee alicheka, si kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyeulizwa swali na mtoto.

"Dafroza, huko kwenu ni upepo tu. Upepo haulipwi."

Akakata simu.

Walikubaliana aende mtu kumwona uso kwa uso, na wakamtuma Zipora. Ndiye aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wote, na zaidi ya hapo alizaliwa Iwawa, kule Makete anakotoka mzee. "Wewe ni Mkinga mwenzake, Mama Aneth," Amon alisema. "Sisi atatufukuza kama kuku. Wewe atakusikiliza." Wakampa ya kusema: mshahara wetu uwe sawa na wa Njombe kwa kuwa kazi ni ile ile, aletwe mtu mahali pa Dorosela, na iwepo walau stuli moja nyuma ya kaunta. Zipora alikubali. Aliogopa kwamba akisimama mbele ya mzee kwa muda mrefu mguu utamsaliti, na mzee akiuona mguu ule yeye naye ataambiwa akapumzike nyumbani.

Mzee, alipoambiwa ni habari za mshahara, alikubali kuonana naye, kwa sharti kwamba kwanza mzigo mpya ushushwe. Kwa hiyo alfajiri ya siku hiyo Zipora alishusha pamoja na wenzake makochi, meza na marobota ya mazulia, kisha akapiga deki, kisha ndipo akapanda Kenta kuelekea Njombe. Njia nzima hakusinzia. Alikuwa anarudia maneno yake kimoyomoyo, anayapanga, anayapangua, anatoa lile linaloweza kuudhi na kulirudisha.

Njombe ilikuwa na ukungu, na baridi kweli ilikuwepo, hilo asingelikana. Lakini ofisini kwa mzee hakukuwa na baridi. Kulikuwa na hita ya umeme pembeni mwa meza, na zulia, na kochi kubwa la kahawia ambalo Zipora alilifahamu kwa sababu jingine kama hilo liliwahi kuuzwa Makambako kwa bei ya ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, karibu kiti."

Zipora alibaki amesimama. Alidhani ni mtego.

"Kaa bwana," mzee alisema. "Hapa wewe ni mgeni."

Akakaa. Kochi lilimmeza taratibu mpaka kiunoni. Mzee aliagiza chai ya maziwa, akaanza kumsemesha Kikinga, lugha ambayo Zipora alikuwa hajaisikia tangu alipomzika mama yake. Alimuuliza habari za Iwawa, viazi vya mwaka huu vimekuaje, nani bado yu hai kati ya wazee wa pale. Alijibu kila kitu. Alikuwa anasubiri maongezi yafike mahali pa kuchomekea la kwake. Ndipo simu ya mzee ikalia, naye akanyoosha kidole kuomba radhi, akageukia dirishani akaanza kubishana na mtu kuhusu bei ya mbao. Maongezi yakarefuka. Hita ilikuwa inampuliza Zipora miguuni. Akakitoa kiatu cha kushoto kidogo tu, mguu upumue. Akajiambia afumbe macho mpaka mzee atakapomaliza na habari za mbao.

Aliamshwa na Basil, anamtikisa bega.

"Dada Zipora. Dada Zipora, amka. Kenta inarudi Makambako."

"Mzee yuko wapi?"

Basil aliangalia zulia. "Ameenda kwenye kikao cha kanisa. Amesema usiamshwe mpaka gari liwe tayari."

Chai ilikuwa imeganda utando juu. Zipora alikuwa hajasema hata neno moja kati ya yale aliyotumwa.

Picha aliiona akiwa bado njiani. Mzee aliituma kwenye kundi la simu la wafanyakazi, Njombe na Makambako, wote. Alikuwemo humo amelala kichwa nyuma, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka, na soksi imeshuka. Bandeji ilionekana, na juu ya bandeji mguu wenyewe, umevimba na kung'aa. Chini mzee aliandika: *Mjumbe wenu akiwa kazini. Huyu ndiye anataka mshahara wa Njombe.* Watu wawili wa Njombe walikuwa wameshaweka vikatuni vya kucheka. Wa Makambako hakuna aliyeandika chochote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wametuma mtu, wamemfundisha la kusema, wamemwombea, na yeye kafika akachapa usingizi kama mtoto mchanga. Tena usingizi mtamu! Hilo hasa hakuweza kujisamehe, kwamba ulikuwa mtamu. Na mguu sasa umeonekana na kila mtu. Alipofika nyumbani alilia, lakini hakulia sana. Hata kulia kulimchosha.

Asubuhi alifikiria kutokwenda. Kisha akafikiria ada ya Aneth, akaufunga mguu, akaenda. Alijiandaa kwa maneno ya Dafroza, maana Dafroza akikupa vidonge vyako unavimeza bila maji.

Aliwakuta wameshafungua. Upepo ulikuwa umeanza kazi yake mlangoni. Dafroza alimwangalia usoni, akamwangalia mguuni, akarudi usoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu masika."

"Na unapiga deki nao."

Zipora aliinama akavuta soksi juu ya bandeji. "Nisameheni," alisema. "Sikusema chochote kule. Nilikaa tu, basi usingizi ukanichukua."

"Tumeona."

"Ningejua..."

"Mama Aneth," Amon alimkatiza, "mimi jana nilipoiona ile picha nilikuonea wivu. Mungu anisamehe. Nilisema, ona mwenzetu amepata usingizi."

Hakuna aliyecheka vizuri, lakini kitu kililegea. Amon akaenda kwenye makochi. Akachagua kiti cha kochi cha mtu mmoja, cha bei, akachana nailoni yake yote kwa kisu cha kufungulia maboksi. Kiti kikichanwa nailoni hakiuzwi tena kama kipya. Hata Amon alijua kitakatwa kwenye mshahara wa nani. Akakibeba begani, akakiweka nyuma ya kaunta, sawasawa chini ya kamera.

"Leo zamu ni yako," Dafroza alisema. "Yote. Mteja awepo, asiwepo."

Zipora aliangalia kile kiti. Aliangalia juu, kwenye ile taa ndogo nyekundu ambayo haijawahi kuzimika tangu kamera ifungwe. Alitaka kusema hapana, kwamba watafukuzwa wote, kwamba Amon ana mke mjamzito na Dafroza anajenga. Lakini mguu wake ulikuwa umeshachoka kusubiri uamuzi. Akakaa. Akanyoosha mguu wa kushoto juu ya katoni la chupa za chai, bandeji nje, ionekane.

Mwanamke mmoja aliingia na upepo wake, akasalimu kwa lugha ya huko. "Kamwene! Jamani, ndoo za lita ishirini mnazo?" Amon akamhudumia. Mwanamke akamtazama Zipora kitini, akamsalimu, akapewa ndoo yake, akalipa, akaondoka. Biashara haikulala.

Kisha simu ya duka ikalia.

Kila siku simu hiyo ikilia walishtuka wote watatu, na aliyekuwa ameegemea chochote alijiweka wima. Safari hii ililia, ikalia. Dafroza aliipokea, akabonyeza sauti ya juu na kumkabidhi Zipora.

"Nani huyo anayepumzika?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi, Zipora."

"Umekaa?"

"Nimekaa, mzee."

"Kuna mteja wa viti hapo?"

"Hakuna."

Walisikia anavyohema. Mgongo wa Zipora ulikuwa umeegemea, na hilo lilimsaidia.

"Zipora, unajua maana yake nini?"

"Najua, mzee. Ya Dorosela niliyaona. Utaniambia nikapumzike nyumbani, na mimi nitakusikia. Lakini jana nilikuja kwako kwa jambo, na nikalala kabla sijalisema, na wenzangu bado wanalisubiri." Akasogeza mguu vizuri juu ya katoni, akainua uso kuielekea kamera ili mzee amwone akisema. "Leo nimelala vya kutosha. Tuanze na ile posho ya baridi."